Tupac Shakur: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maisha, muziki na kifo chake

Tupac, rapa na mwigizaji wa Marekani, alifariki mwaka 1996. Sura yake bado imechorwa kwenye mabodi ya daladala na matatu na kwenye kuta za vinyozi, na vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya kifo chake wanauliza maswali yale yale tuliyoulizana sisi tulipokuwa tukiazimana kaseti. Nimeyakusanya hapa. Mengine yanatosha sentensi mbili tatu. Mengine nimekaa nayo kitako, hasa yale yanayomhusu mama yake, kwa sababu naamini usipomjua Afeni humjui Tupac.

Jina lake halisi ni lipi?

Alizaliwa tarehe 16 Juni 1971, East Harlem, New York, akapewa jina la Lesane Parish Crooks. Mwaka uliofuata mama yake akambadilisha jina kuwa Tupac Amaru Shakur. Túpac Amaru wa Pili aliongoza uasi wa wenyeji wa Peru dhidi ya watawala wa Kihispania, wakamuua hadharani mjini Cusco mwaka 1781. Afeni alieleza kwamba alitaka mwanawe ajue yeye ni wa dunia nzima, si wa mtaa mmoja. Ile "2Pac" ya kwenye majalada ya albamu ni mtindo wa kuandika tu, matamshi ni yale yale.

Mama yake alikuwa nani hasa? Mbona kila anayemzungumzia Tupac anaanza na mama?

Afeni Shakur alizaliwa North Carolina mwaka 1947 kwa jina la Alice Faye Williams. Akiwa kijana New York alijiunga na Black Panther, chama cha Wamarekani Weusi kilichoanzishwa Oakland mwaka 1966, kilichokuwa kikiwalisha watoto chai ya asubuhi kabla ya shule na wakati huo huo kikibeba silaha hadharani kulinda mitaa dhidi ya polisi. Aprili 1969 serikali iliwashtaki wanachama 21 wa New York, Afeni akiwa mmojawao, kwa madai ya kupanga kulipua maduka na vituo vya polisi. Iwapo wangepatikana na hatia, wangeishia gerezani maisha yao yote.

Afeni hakuwa amesomea sheria. Hata hivyo alikataa wakili, akasimama kujitetea mwenyewe. Akawahoji mashahidi wa serikali, wakiwemo askari kanzu waliopenyezwa ndani ya chama kwa miaka, na akawafanya wakubali mbele ya baraza la wazee wa mahakama kwamba yeye hawakuwahi kumwona akifanya kosa lolote kati ya yale aliyoshtakiwa. Alikuwa mjamzito. Dhamana yake ilipofutwa alirudishwa mahabusu na mimba yake, akalazimika kuiomba mahakama amri ili apewe yai moja na glasi ya maziwa kwa siku kwa ajili ya mtoto aliye tumboni.

Mei 1971 wote walioketi kizimbani kwenye kesi ile waliachiwa huru kwa mashtaka yote. Mwezi mmoja baadaye Tupac akazaliwa.

Mimi nikimsikiliza Tupac akibishana na waandishi wa habari, namsikia Afeni mahakamani. Ule uwezo wa kusimama mbele ya mwenye nguvu na kuongea bila karatasi hakuuokota mtaani. Alizaliwa nao.

Lakini hadithi ya Afeni haikuishia kwenye ushindi. Chama kilisambaratika, wenzake wakafungwa, wakauawa au wakakimbia nchi. Akabaki na watoto wawili, Tupac na dada yake Sekyiwa, wakihama nyumba hadi nyumba. Katika miaka ya 1980 madawa ya kulevya aina ya kraki yaliivamia mitaa ya Weusi, naye yakamnasa. Tupac alimwona mwanamke aliyeishinda serikali akishindwa na kidonge kidogo cha kuvuta. Waligombana, kijana akaondoka nyumbani. Afeni alipata nafuu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakapatana, na mwaka 1995 ukatoka "Dear Mama", wimbo ambao mtoto anamwambia mama yake waziwazi kwamba alikuwa mlevi wa kraki na bado ni malkia wake. Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza kwenye kumbukumbu zake za taifa za sauti mwaka 2010. Afeni alifariki tarehe 2 Mei 2016.

Na baba?

Baba mzazi ni Billy Garland, naye pia wa Black Panther. Tupac alikua bila yeye, akidhani huenda amekufa. Walikuja kuonana ana kwa ana mwaka 1994, Tupac akiwa hospitalini na majeraha ya risasi.

Aliyemlea kama baba kwa muda ni Mutulu Shakur, mume wa Afeni, mtaalamu wa tiba ya sindano za Kichina na mwanaharakati. Mutulu aliingizwa kwenye orodha ya watu 10 wanaosakwa zaidi na FBI, akakamatwa mwaka 1986 na kufungwa kwa kuhusika na uporaji wa gari la fedha mwaka 1981 ambamo mlinzi mmoja na polisi wawili waliuawa. Aliachiwa mwishoni mwa 2022 akiwa mgonjwa wa saratani, akafariki Julai 2023.

Je, ni kweli Tupac alikuwa na mtu wa karibu aliyeishi Tanzania?

Ni kweli. Mtu huyo ni Geronimo Pratt, baba wa ubatizo wa Tupac, au tuseme mtu ambaye Afeni alimchagua amsimamie mwanawe.

Pratt alipigana vita ya Vietnam, akarudi na kuwa kiongozi wa Black Panther Los Angeles. Mwaka 1972 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya mwalimu mmoja yaliyotokea Santa Monica mwaka 1968. Siku zote alisema wakati wa mauaji alikuwa Oakland, mamia ya kilomita kutoka pale. Iligundulika baadaye kwamba shahidi mkuu aliyemtia hatiani alikuwa mtoa habari wa vyombo vya dola, na kwamba upande wa utetezi ulifichwa jambo hilo. Hukumu ilifutwa mwaka 1997, wakili wake akiwa Johnnie Cochran. Alikuwa amekaa ndani miaka 27. Tupac alikuwa amekufa miezi 9 kabla.

Baada ya kutoka, Pratt alilipwa fidia ya dola milioni 4.5, akaja kuweka makazi Imbaseni, kijiji kilicho nje ya Arusha kwenye miteremko ya Meru. Alimfuata rafiki yake Pete O'Neal, aliyekuwa mwenyekiti wa Black Panther Kansas City, ambaye aliikimbia Marekani mwaka 1970, akapitia Algeria na kufika Tanzania ya Mwalimu Nyerere mwaka 1972. O'Neal na mkewe Charlotte wamejenga Imbaseni kituo cha jamii ambako watoto wa kijiji wanasoma bure. Geronimo Pratt alifia hapo Imbaseni tarehe 2 Juni 2011.

Ninawaambia hili vijana wa Arusha wanaochana mistari na kujiita watoto wa Tupac. Mtu aliyechaguliwa kumsimamia Tupac alivuta pumzi yake ya mwisho mwendo wa daladala kutoka mjini kwao.

Tupac alisoma?

Alisoma, na si kidogo. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi alipanda jukwaa la ukumbi wa Apollo, Harlem, akiwa na kikundi cha maigizo cha mtaani, katika onyesho la kumchangia fedha mwanasiasa Jesse Jackson. Familia ilipohamia Baltimore alikubaliwa kwenye Baltimore School for the Arts, shule ya serikali ya sanaa, akajifunza uigizaji, ushairi, jazi na hata baleti. Alisoma tamthilia za Shakespeare. Rafiki yake mkubwa pale alikuwa Jada Pinkett, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa filamu.

Mwaka 1988, kabla hajamaliza, Afeni aliwahamishia Marin City, California. Tupac alisema mara nyingi kwamba kuondolewa shule ile kuliuumiza moyo wake. Namwamini. Alikuwa amepata mahali ambapo mtoto maskini aliruhusiwa kuwa msanii, akang'olewa.

Alianzaje muziki?

Kwa kubeba mizigo. Marin City alihudhuria madarasa ya ushairi ya Leila Steinberg, ambaye alimkutanisha na meneja Atron Gregory, naye akampeleka kwenye kundi la Digital Underground la Oakland. Mwaka 1990 kazi yake ilikuwa kubeba vyombo na kucheza nyuma ya wasanii jukwaani. Mwaka 1991 wakampa mistari kwenye wimbo "Same Song", na Novemba mwaka huo akatoa albamu yake ya kwanza, "2Pacalypse Now".

Gangsta rap ni nini, na je, Tupac alikuwa msanii wa gangsta rap?

Ni tawi la hip hop linalosimulia maisha ya magenge, bunduki, biashara ya madawa na uonevu wa polisi kwa sauti ya aliyemo ndani. Schoolly D wa Philadelphia na Ice-T wa Los Angeles walilianza katikati ya miaka ya 1980, kisha N.W.A wa Compton wakalipasua mwaka 1988 kwa "Straight Outta Compton". Halikutoka hewani. Viwanda vya kusini mwa Los Angeles vilikuwa vimefungwa, ajira zimekwenda, kraki imeingia, magenge ya Crips na Bloods yamegawana mitaa, na polisi wanavunja milango kwa magari ya deraya. Vijana walisimulia walichokiona, na wengine walitia chumvi kwa sababu chumvi ilikuwa inauza.

Tupac yumo na hayumo. Nenda kwenye albamu yake ya kwanza ukasikilize "Brenda's Got a Baby". Aliuandika baada ya kusoma gazetini habari ya binti wa miaka 12 aliyezalishwa na ndugu yake na kumtupa mtoto jalalani. Hakuna mhuni anayejisifu mle ndani. Kuna kijana wa miaka 20 anayeuliza watu wazima walikuwa wapi. Ule ukali wa kigenge tunaoukumbuka, vitambaa kichwani na matusi kwa wapinzani, umejaa zaidi katika miezi 11 ya mwisho ya maisha yake. Kumhukumu kwa miezi hiyo peke yake ni kusoma ukurasa wa mwisho wa kitabu na kudai umekimaliza.

Ni kweli makamu wa rais wa Marekani alimshambulia?

Ndiyo. Aprili 1992 kijana mmoja alimuua askari wa barabarani Texas, na wakili wake akadai alikuwa akisikiliza albamu ya Tupac. Dan Quayle, makamu wa Rais Bush, akasema albamu ile haina nafasi katika jamii. Watu wachache walikumbuka kwamba miezi michache kabla, Oktoba 1991, polisi wa Oakland walimkamata Tupac kwa kosa la kuvuka barabara pasiporuhusiwa, wakamkaba na kumbamiza uso chini. Aliwashtaki akidai dola milioni 10, shauri likamalizwa kwa kulipwa dola elfu 40 na ushei.

"Thug Life" iliyochorwa tumboni ilimaanisha nini?

Wengi waliichukua kama sifa ya uhuni. Yeye aliieleza kama kifupi cha sentensi moja, yenye tusi ndani yake, inayosema kwamba chuki mnayowapa watoto wachanga huja kumwangamiza kila mtu. Kwa maneno mengine, ukimlea mtoto kwa mateso, jamii yote italipa.

Mwaka 1992 yeye na Mutulu, aliyekuwa gerezani, walisaidia kuandika kanuni za mtaani zilizopelekwa kwa viongozi wa magenge. Kuuza madawa kwa watoto na kwa wajawazito kulipigwa marufuku, na kadhalika risasi za ovyo kwenye mikusanyiko ya watu. Unaweza kusema ni kanuni za wahalifu, na ni kweli. Lakini mtu anayejaribu kuuwekea moto mipaka hajafanana na anayeumwagia petroli.

Na hapa lazima niseme jambo zito. Agosti 1992, kwenye tamasha Marin City, kulitokea ugomvi kati ya kundi la Tupac na watu wengine, risasi zikapigwa, mtoto wa miaka 6 akauawa. Tupac hakushtakiwa kwa mauaji hayo, ila bastola ilikuwa imeandikishwa kwa jina lake, na familia ya mtoto ililipwa fidia. Waliomjua wanasema kifo kile kilimkaa moyoni. Anayempenda Tupac na amkumbuke na mtoto yule.

Alifungwa kwa kosa gani?

Novemba 1993 mwanamke mmoja New York alimshtaki Tupac na wenzake kwa kumwingilia kwa nguvu hotelini. Tarehe 1 Desemba 1994 baraza lilimtia hatiani kwa kosa la kumshika kingono bila ridhaa yake, likamwachia kwenye mashtaka mazito zaidi. Alihukumiwa kifungo cha kati ya mwaka 1 na nusu na miaka 4 na nusu.

Tupac alikana kumtendea hivyo hadi mwisho, ingawa alikiri kwamba alipaswa kumlinda na hakufanya hivyo. Yule mwanamke hakubadilisha maneno yake. Kuna kurasa nyingi za mashabiki zinazoipita kesi hii kimya kimya, au zinazomtukana aliyelalamika. Mimi siwezi. Mtu aliyeimba "Keep Ya Head Up", wimbo wa kuwatetea wanawake Weusi ambao hadi leo unanitoa machozi, ndiye huyo huyo aliyehukumiwa kwa kumdhalilisha mwanamke. Yote mawili ni kweli na yote mawili yabaki hapa.

Bifu lake na Biggie lilianzia wapi?

Walikuwa marafiki. Tupac akiwa tayari nyota, Biggie, rapa wa New York ajulikanaye pia kama The Notorious B.I.G., alimtembelea California na kuomba ushauri. Usiku wa tarehe 30 Novemba 1994, kesi ile ikisubiri uamuzi, Tupac aliingia kwenye jengo la Quad Studios, Manhattan, kwenda kurekodi. Mlangoni alivamiwa, akapigwa risasi, akaporwa vito vyake. Ghorofani alikuwepo Biggie na watu wa lebo yake, Bad Boy. Tupac akaamini walijua, au walipanga. Wao walikana.

Kesho yake aliingia mahakamani akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, kichwa kimefungwa bendeji, kusikiliza uamuzi. Halafu jela ya Clinton, kaskazini kabisa mwa jimbo la New York. Ukiwa peke yako chumbani na kovu la risasi, shaka hugeuka kuwa uhakika. Juni 1996 alitoa "Hit 'Em Up", wimbo wa kumshambulia Biggie kwa matusi makali kuliko karibu yote yaliyowahi kurekodiwa kwenye hip hop. Magazeti yakaligeuza bifu hilo kuwa vita vya pwani mbili, mashariki na magharibi, ingawa Tupac mwenyewe alikuwa mzaliwa wa New York aliyelelewa huko na Baltimore.

Aliingiaje Death Row?

Machi 1995, akiwa gerezani, albamu yake "Me Against the World" ilishika namba moja Marekani. Lakini mfukoni hakuwa na kitu. Mawakili walikuwa wamezila fedha, na dhamana ya dola milioni 1.4 haikuwepo. Suge Knight, bosi wa Death Row Records ya Los Angeles, akamtembelea, wakaandikiana mkataba wa albamu 3 kwa mkono. Tarehe 12 Oktoba 1995 Tupac akatoka, akapanda ndege hadi Los Angeles na kuingia studio siku hiyo hiyo.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na aliyemtupia kamba ni Suge. Siwezi kumlaumu kwa kuishika. Ila kamba ile ilimvuta kati ya watu wa genge la Mob Piru, tawi la Bloods, ambalo halikuwa lake kwa kuzaliwa wala kwa kulelewa.

Februari 1996 ikatoka "All Eyez on Me", diski mbili, nyimbo 27, na "California Love" akiwa na Dr. Dre. Imeuza hadi kupewa hadhi ya almasi, yaani nakala milioni 10 kwa hesabu za Marekani, ambako kila diski ya albamu ya diski mbili huhesabiwa peke yake.

Outlawz ni akina nani? Ni kweli mmoja alijiita Idi Amin?

Lilikuwa kundi la vijana aliowalea kimuziki, wengine ni ndugu na marafiki wa utotoni. Aliwapa majina ya watawala, wengi wao walioonwa maadui na serikali ya Marekani: Kadafi, Kastro, Hussein Fatal, Napoleon, na ndiyo, E.D.I. Mean, ambaye ukilitamka jina lake haraka unamsikia Idi Amin. Sisi wa upande huu tunaoikumbuka vita ya Kagera hatuwezi kulisikia jina hilo kama walivyolisikia vijana wa New Jersey. Kwao lilikuwa jina la aliyewakera wakubwa. Kwetu lina makaburi.

Kadafi aliuawa Novemba 1996, miezi miwili baada ya Tupac. Napoleon aliacha muziki, akashika dini ya Kiislamu na kuhamia Saudi Arabia.

Alicheza filamu?

Ndiyo, na vizuri. "Juice" ya 1992 ndiyo ya kuanza nayo. "Poetic Justice" ya 1993 alicheza na Janet Jackson, "Above the Rim" ikafuata 1994. Tatu zilitoka baada ya kifo chake, "Bullet", "Gridlock'd" na "Gang Related". Kwa maoni yangu angeishi, leo tungekuwa tunamwita mwigizaji aliyewahi kuimba.

Alikufaje?

Jumamosi, tarehe 7 Septemba 1996, Las Vegas. Tupac na Suge walitazama Mike Tyson akimwangusha Bruce Seldon katika raundi ya kwanza kwenye hoteli ya MGM Grand. Wakitoka, mmoja wa kundi lao alimtambua Orlando Anderson, kijana wa genge la Southside Crips la Compton, aliyehusishwa na uporaji wa mkufu wa Death Row. Tupac alikuwa wa kwanza kumrukia. Kamera za hoteli zilinasa kipigo chote.

Saa chache baadaye, kwenye makutano ya barabara za Flamingo na Koval, Suge akiendesha BMW nyeusi na Tupac kando yake, Cadillac nyeupe ilisimama upande wao wa kulia. Risasi zikamiminika. Nne zilimpata Tupac. Madaktari waliliondoa pafu lake la kulia, wakapambana siku 6. Alifariki Ijumaa tarehe 13 Septemba alasiri. Alikuwa na miaka 25.

Nani alimuua?

Mahakama haijamtia mtu yeyote hatiani. Orlando Anderson alikana siku zote, naye akauawa kwa risasi Compton Mei 1998. Biggie aliuawa Los Angeles tarehe 9 Machi 1997.

Septemba 2023 polisi wa Las Vegas walimkamata Duane Davis, maarufu Keffe D, mjomba wa Anderson. Yeye mwenyewe alikuwa amesimulia kwenye kitabu chake na kwenye mahojiano kwamba alikuwemo ndani ya ile Cadillac. Mahakamani amekana shtaka la mauaji, na tarehe ya kesi yake imesogezwa mbele zaidi ya mara moja. Sheria ni ile ile kwa kila mtu. Kabla ya hukumu ni mtuhumiwa.

Je, yu hai, kule Cuba?

Hapana. Uvumi ulitokana na albamu iliyotoka Novemba 1996 kwa jina jipya la Makaveli. Gerezani alikuwa amemsoma Machiavelli, mwandishi wa Italia wa karne ya 16, na watu wakadai mwandishi huyo alifundisha kujifanya umekufa. Nyimbo mpya zilizoendelea kutoka kila mwaka zikakoleza moto. Maelezo yake ni mepesi: alikuwa akirekodi kama mtu anayekimbizwa, nyimbo kadhaa kwa siku moja, akaacha makabati yamejaa. "Changes", uliovuma dunia nzima mwaka 1998, aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Naelewa kwa nini watu wanautaka uvumi huu. Mtu wa miaka 25 haonekani kama mtu aliyemaliza.

Nianze na nyimbo zipi?

"Dear Mama" kwanza. Kisha "Brenda's Got a Baby", "Keep Ya Head Up", "So Many Tears", na "Hail Mary" usiku taa zikiwa zimezimwa. Ukizimaliza hizo ndipo uende "All Eyez on Me". Ukianza na "Hit 'Em Up", kama tulivyoanza wengi wetu, utachukua miaka kumjua mtu mwenyewe. Na kama Kiingereza kinakusumbua, tafuta maneno yameandikwa uyasome taratibu. Sisi tulikuwa tunasimamisha kaseti kila mstari, tunaandika kwenye kaunta buku, tunakosea, tunarudisha nyuma.

Kwa nini Afrika Mashariki tulimpokea kama ndugu?

Alitukuta tunaanza kutafuta sauti yetu. Miaka ile ile Joseph Mbilinyi, tuliyemjua kama 2 Proud kabla hajawa Mr. II na Sugu, alikuwa akithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba hasira za kijana wa mtaani, na mwaka 2010 mdomo huo huo ukaingia Bungeni kuwakilisha Mbeya Mjini. Nairobi, Kalamashaka walitoka Dandora wakiimba juu ya polisi na njaa. Tupac alikuwa anaongea mambo hayo hayo: mama anayelea peke yake, kodi ya nyumba, askari, rafiki aliyezikwa jana.

Ana na sura nyingine barani. Wakati wa vita ya Sierra Leone wapiganaji wa uasi, wengi wao watoto, walivaa fulana zenye picha yake. Walimchukua yule wa bunduki wakamwacha yule wa "Dear Mama". Hilo linaniuma, na ndiyo sababu moja ya kuandika majibu haya marefu.

Kuna na tarehe yake ya kuzaliwa. Alipotimiza miaka 5, tarehe 16 Juni 1976, watoto wa shule wa Soweto walikuwa wakipigwa risasi na polisi wa makaburu. Tangu 1991 Afrika huiadhimisha tarehe hiyo kama Siku ya Mtoto wa Afrika. Afeni aliwahi kupanga kuyapeleka majivu ya mwanawe Soweto.

Kaburi lake liko wapi?

Hana kaburi. Mwili ulichomwa siku moja baada ya kifo. Wanaomtafuta huenda Las Vegas, kwenye kona ya Flamingo na Koval, ambako kuna nguzo ya kando ya barabara iliyojaa majina na ujumbe wa watu kutoka kila upande wa dunia. Hufutwa, na wageni huja wakaandika tena.